Kamera Iliyowanasa Akina Friedman

Mwaka 1988, katika mji wa Great Neck, kisiwani Long Island, jirani na jiji la New York, kijana mmoja aliketi chumbani peke yake akiwa na nguo za ndani tu, akawasha kamera ya video na kuanza kujisemea. Kabla hajafika mbali akamgeukia mtu ambaye hakuwemo chumbani. Akamwambia kwamba mkanda ule ni siri yake, na kama anayeutazama si yeye mwenyewe, basi auzime, maana haumhusu. Kisha machozi yakamtoka.

Miaka 15 baadaye mkanda huo ukawa unaoneshwa katika kumbi za sinema.

Msikilizaji, redio haina picha, na kwa habari hii huenda ni afadhali. Kijana yule ni David Friedman. Filamu iliyoanika siri yake ni dokumentari ya Andrew Jarecki, Capturing the Friedmans, iliyopata tuzo kuu ya dokumentari katika tamasha la Sundance mwaka 2003, kisha ikateuliwa kugombea tuzo ya Oscar. Kiswahili kinalifaa jina la filamu hiyo kuliko mtu angetarajia, kwa kuwa tuna neno kunasa. Mtego hunasa, na kamera nayo hunasa. Akina Friedman walinaswa kwa njia zote mbili, tena wakati mmoja.

Baba, Arnold Friedman, alikuwa mwalimu mstaafu wa sekondari, mtu mpole, mpenda muziki, ambaye majirani walimheshimu. Nyumbani kwake alifundisha piano, na katika chumba cha chini ya nyumba alifungua darasa la kompyuta kwa watoto. Wakati huo, katikati ya miaka ya 1980, kompyuta ilikuwa kitu kipya, na mzazi wa Great Neck mwenye uwezo wake alitaka mwanawe aijue mapema. Wavulana wakaandikishwa. Jesse, kitinda mimba wa nyumba ile, akawa msaidizi wa baba yake darasani. Walikuwepo pia mama, Elaine, na kaka wawili wa Jesse, David na Seth.

Mkosi uliingia kwa njia ya posta. Mwaka 1984 wakuu wa Marekani walinasa gazeti lenye picha za ngono za watoto, lililotoka Uholanzi likiwa na anwani ya Arnold. Wakaguzi wa posta wakamwekea mtego. Ofisa mmoja alijifanya mwenzake mwenye tamaa zilezile, wakaandikiana barua kwa muda mrefu, mpaka Arnold akaingia mtegoni na kumtumia gazeti. Novemba 1987 nyumba ikapekuliwa, na nyuma ya piano yakapatikana magazeti mengine ya aina hiyo. Hapa pasiwe na utata: magazeti yalikuwa yake. Baadaye Arnold mwenyewe alikiri kwa maandishi kwamba amewahi kuwatendea watoto mabaya, ingawa alisema hawakuwa wanafunzi wa darasa lile. Huyu hakuwa malaika aliyesingiziwa.

Katika upekuzi huo wakaguzi waliona pia orodha ya majina ya wanafunzi, nayo ikakabidhiwa polisi wa Kaunti ya Nassau. Kuanzia hapo kesi ya mzee mmoja na magazeti yake ikageuka kuwa kitu kingine kabisa.

Wapelelezi walikwenda nyumba hadi nyumba. Hakuna mtoto aliyekuwa amelalamika kabla hawajabisha hodi. Wazazi walikuwa wakiwafuata watoto darasani kila wiki na hawakuona jambo, na baadhi ya watoto walimaliza kozi moja wakaandikishwa kwa nyingine. Lakini kwa mujibu wa watu kadhaa waliohojiwa na Jarecki, polisi hawakufika kuuliza kama kuna lililotokea. Walifika wakisema wanajua limetokea, na sasa wanamtaka mtoto aseme. Aliyekana alirudiwa. Mmoja wa wanafunzi wa zamani anaeleza kwamba alisema walichotaka kusikia ili wamalize waende zao. Mwingine anasimulia kwamba kumbukumbu zake zilimjia baada ya kutibiwa kwa hipnosi, ule usingizi ambamo mganga humwongoza mtu kwa maneno. Wapo pia wanaoshikilia mpaka leo kwamba walitendewa, na mtu mwenye haki hawezi kuwapuuza.

Tarehe 25 Novemba 1987, siku moja kabla ya sikukuu ya Shukrani ambayo Wamarekani hukusanyika mezani na jamaa zao, Arnold na Jesse wakakamatwa. Jesse alikuwa na umri wa miaka 18. Mashtaka yaliongezeka mwezi hadi mwezi mpaka yakafika mamia. Ushahidi wa kidaktari haukuwepo, wala picha moja iliyopigwa darasani. Kesi nzima ilisimama juu ya maneno ya watoto na namna maneno hayo yalivyopatikana.

Kuna mahali katika filamu ambapo mtazamaji hushtuka akiwa kitini. Aliyekuwa mkuu wa kitengo cha polisi cha makosa ya kujamiiana, Frances Galasso, anakumbuka mbele ya kamera jinsi upekuzi ulivyokuwa: picha chafu zimerundikana kila mahali ndani ya nyumba, peupe. Anapoendelea kusema, Jarecki anaonesha picha zilizopigwa na wapekuzi wenyewe siku ile. Sebule ni safi. Piano ipo, vitabu vipo, viti viko mahali pake. Marundo hayapo. Mwongozaji haongezi neno lake hata moja. Pengine ofisa yule hakusema uongo, bali miaka ilikuwa imempangia kumbukumbu upya. Ikiwa hivyo ndivyo, basi kama kumbukumbu ya askari mzoefu yaweza kufanya hayo, ya mtoto wa miaka minane aliyeulizwa jambo moja mara nne au tano ingefanyaje?

Elaine naye anatoa ushahidi wake wa macho. Anasema polisi walimwonesha gazeti la mumewe, akalitazama, asione kitu. Macho yalielekea kwenye karatasi, lakini akili ilikataa kupokea. Ni baadaye sana, alipooneshwa tena, ndipo alipoiona picha kwa mara ya kwanza. Anayesema hayo ni mke wa mtu, mama wa watoto watatu, na kwa jinsi anavyoyasema mtu hana sababu ya kumtilia shaka.

Jarecki hakuwa akitafuta habari hii. Alikuwa mfanyabiashara aliyepata utajiri kwa Moviefone, huduma ya simu iliyowapa Wamarekani saa za maonesho ya sinema, na alitaka kutengeneza filamu fupi ya kuchekesha kuhusu wachekeshaji wa sherehe za watoto jijini New York. Aliyesifika kuliko wote aliitwa Silly Billy, anayevaa miwani mikubwa na kuwavunja watoto mbavu. Silly Billy ndiye David Friedman. Kila alipoulizwa habari za nyumbani kwao, mchekeshaji alibadilika uso. Jarecki akachimba, na hatimaye akafunguliwa sanduku la mikanda ya video. David alikuwa ameirekodi familia yake kwa miezi, wakati baba na mdogo wake wako nje kwa dhamana wakisubiri kesi.

Mikanda hiyo ndiyo roho ya filamu. Hakuna mwigizaji wala taa za studio. Kuna meza ya chakula na watu watano wanaopendana wakiraruana. Wavulana wako upande wa baba. Mama anauliza swali ambalo hakuna anayetaka kulisikia: je, kama ni kweli? Wanawe wanamgeukia kwa ukali na kumwita msaliti. Baba amekaa kimya, kichwa ameinamisha, kama mgeni katika nyumba yake. Usiku wa Pasaka ya Kiyahudi unaingia, sala zinasomwa, na kabla sahani hazijaondolewa kelele zimeanza tena.

Kilichoitenganisha familia hii kabisa kilikuwa uamuzi juu ya kukiri kosa. Elaine, kwa ushauri wa mawakili, aliamini kwamba Arnold akikiri atabeba mzigo peke yake na Jesse ataponea hapo. Wavulana waliona kukiri ni kumtosa mdogo wao. Machi 1988 Arnold alikiri mbele ya mahakama, akahukumiwa kifungo cha miaka 10 hadi 30. Hesabu ya mama ikawa imegeuka. Baba amekwisha kusema ndiyo, sasa baraza gani la wazee wa mahakama lingeamini kwamba mwana aliyekuwa chumba kimoja naye hakufanya wala kuona lolote?

Desemba mwaka huohuo Jesse naye akakiri. Alilia kizimbani, na wakili wake akaieleza mahakama kwamba kijana huyu mwenyewe alidhulumiwa na baba yake tangu utotoni. Miaka iliyofuata Jesse alikana yote: hakutenda, wala baba hakumgusa. Alikiri, anasema, kwa sababu aliambiwa akishindwa kesi vifungo vitapangwa kimoja baada ya kingine mpaka maisha yake yote yaishe. Alihukumiwa miaka 6 hadi 18. Kamera ya David ilikuwepo hata nje ya mahakama, na ilichonasa ni ndugu wakifanya mzaha na kucheza. Mtazamaji mmoja anaona ukatili wa watu wasiojali. Mwingine anaona vijana wanaocheka kwa kuwa wakiacha kucheka wataanguka. Mkanda ni uleule.

Arnold alifia gerezani mwaka 1995 baada ya kumeza dawa kupita kiasi. Alimwachia Jesse fedha za bima ya maisha, dola 250,000. Jesse alitoka mwishoni mwa 2001, akiwa ametumikia miaka 13. Elaine alikuwa amekwisha kuachana na Arnold na kuolewa upya. Seth alikataa kabisa kuhojiwa katika filamu, na ukimya wake unasikika tangu mwanzo hadi mwisho.

Filamu yenyewe haijaponyoka lawama. Katika kesi ile kulikuwa na mshtakiwa wa tatu, kijana jirani aliyekiri pia, na filamu karibu haimgusi. Jesse aliwahi kukiri tena akiwa gerezani, katika mahojiano ya televisheni na Geraldo Rivera mwaka 1989, na hilo Jarecki aliliacha nje. Filamu ilipokaribia tuzo za Oscar, watu waliosema ni wahanga waliandika barua kulalamika kwamba wamefanywa waongo mbele ya dunia. Baadaye Jarecki aliacha kuwa mtazamaji tu, akamsaidia Jesse waziwazi kutafuta kusafishwa jina. Anayeitazama dokumentari hii na ajue kwamba hata mkasi wa mhariri ni shahidi, na shahidi huyo hakuapishwa.

Hata hivyo kesi ya Great Neck ilikuwa na ndugu zake. Miaka ya 1980 Marekani ilikumbwa na hofu kubwa juu ya shule za chekechea na walezi wa watoto. Huko Manhattan Beach, California, tuhuma dhidi ya shule ya McMartin zilianza mwaka 1983, zikazaa hadithi za mahandaki ya siri na ibada za kishetani, na zikamweka mshtakiwa mmoja rumande miaka mitano. Kesi iliisha mwaka 1990 bila mtu kutiwa hatiani. New Jersey, mwalimu kijana wa chekechea alihukumiwa miaka 47 mwaka 1988, na mwaka 1993 mahakama ya rufani ikaitengua hukumu, hasa kwa sababu ya namna watoto walivyohojiwa.

Wanasaikolojia wakaamua kulipima jambo lenyewe. Katika jaribio moja mashuhuri la miaka ya 1990, lililofanywa na Stephen Ceci na mwenzake, mgeni aliyepewa jina la Sam Stone alitembelea darasa la watoto wadogo kwa dakika chache, akasalimia, akaondoka. Hakugusa kitu. Baadhi ya watoto walikuwa wamesimuliwa mapema kwamba Sam ni mzembe, kisha kwa wiki kadhaa wakaulizwa maswali yenye jibu ndani yake: alichana kitabu kwa hasira au kwa bahati mbaya? Mwishowe wengi wa watoto wadogo wa kundi hilo wakaeleza jinsi Sam alivyoharibu kitabu au kumchafua dubu wa kuchezea, na baadhi wakadai wamemwona kwa macho yao. Walioachwa wakumbuke wenyewe, bila kusimuliwa wala kupewa jibu, karibu wote walisema kweli. Mtoto basi si mwongo. Anaharibiwa na swali.

Msikilizaji wa Dar es Salaam hapo ulipo bila shaka umeshawaza jina moja. Oktoba 2003 mwanamuziki Nguza Viking, Babu Seya, alikamatwa na wanawe watatu kwa tuhuma za kuwabaka na kuwalawiti wanafunzi wadogo wa shule ya msingi ya Mashujaa, Sinza. Juni 2004 wote wanne walihukumiwa kifungo cha maisha. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani iliwaachia wana wawili, ikabaki na baba na Johnson Nguza, yaani Papii Kocha. Hao walitoka kwa msamaha wa Rais John Magufuli tarehe 9 Desemba 2017, na msamaha, kama ajuavyo kila mwanasheria, haufuti hatia. Miezi michache baadaye Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, pale Arusha, ilisema haki yao ya kujitetea ilikiukwa, kwa kuwa hawakupatiwa maelezo ya mashahidi inavyostahili na mashahidi muhimu hawakuitwa.

Kesi hizi mbili si pacha. Ya Sinza ilisikilizwa, mashahidi walisimama kizimbani, majaji wakaandika hukumu zao. Ya Great Neck haikusikilizwa hata siku moja, maana waliokiri hawahojiwi na wala hawahoji. Zinakutana mahali pamoja. Katika zote mbili umma ulikwisha kugawanyika kabla ya hakimu kufungua faili, wengine kwa kumpenda mtuhumiwa, wengine kwa ile methali ya lisemwalo lipo. Na watoto, ambao kesi ni yao, wakasahaulika katikati ya kelele za pande zote mbili.

Jesse Friedman hajachoka kudai jina lake. Mwaka 2010 mahakama ya rufani ya shirikisho jijini New York ilimkatalia kwa kuwa muda wa kisheria ulishapita, lakini majaji wakaandika kwamba kuna uwezekano wa kutosha kuwa alihukumiwa kimakosa, wakamtaka mwendesha mashtaka aifungue kesi upya. Ofisi ya mwendesha mashtaka wa Nassau, Kathleen Rice, ikachunguza kwa miaka mitatu. Ripoti ya Juni 2013 ikasema hakuhukumiwa kimakosa. Majaji waliona hivi, mwendesha mashtaka akaona vile, na hati ya hukumu ikabaki ilivyo.

Nani mkweli? Filamu haisemi. Hukumu ambayo redio hii inaweza kuitoa bila kuogopa ni ndogo zaidi, nayo ni hii: waliowahoji watoto wale waliiharibu kesi siku ya kwanza. Kama Jesse alitenda, walimpa mlango wa kukana milele. Kama hakutenda, walimfunga miaka 13. Na mtoto aliyetendewa kweli, kwa sababu yao, hawezi tena kuaminiwa kwa moyo mmoja.

Jambo hilo lina uzito hapa kwetu kuliko tunavyodhani. Nchini Tanzania, tangu sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998, mahakama yaweza kumtia mtu hatiani kwa ushahidi wa mtoto peke yake, ikiridhika kwamba mtoto huyo anasema kweli. Sheria hiyo iliwekwa kwa sababu nzuri, maana makosa haya hufanyika gizani na mara nyingi shahidi ni mtoto tu. Basi neno lake na litunzwe kama kielelezo kinavyotunzwa.

Mzazi, mwalimu, jirani, mtoto akikujia na habari ya namna hiyo, mwamini kiasi cha kumsikiliza hadi mwisho. Muulize tu ilikuwaje, kisha nyamaza. Usimtajie jina la mtu, usimwigizie, usimrudishie swali mpaka apatie jibu ulilotaka, wala usimzungushe kwa shangazi na majirani asimulie upya. Andika maneno yake kama alivyoyasema, na tarehe. Mpeleke hospitali siku hiyohiyo, kisha kwenye Dawati la Jinsia na Watoto la kituo cha polisi. Usipojua uanzie wapi, Tanzania na hata Kenya, simu ya huduma kwa mtoto ni 116, nayo hailipiwi.